Hakuna Hitilafu Iliyoonekana

Siku nne kabla ya waranti ya gari kwisha, mfamasia alisimama mbele ya meza ya mapokezi ya karakana kwa mara ya nne, akasoma karatasi ileile, na maneno matatu yalikuwa yamekaa palepale chini ya ukurasa bila aibu: Hakuna hitilafu iliyoonekana.

Aliyeyaandika alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na kalamu mbili mfukoni, mtu mwenye adabu za kukera. Mfamasia alikuwa amempa jina moyoni, Bwana Hakuna, na siku hiyo nusura limponyoke mdomoni. Bwana Hakuna akamweleza kwamba mafundi wamelizungusha gari nusu siku nzima, wamepanda nalo mlima na kushuka, wamelisimamisha na kuliondoa, na gia boksi imebadilisha gia zake moja baada ya nyingine bila kusita. Kompyuta nayo haikuona kosa. Waranti, akaongeza kwa upole, inatengeneza kilichoharibika, haitengenezi kinachosimuliwa.

Mfamasia akavuta pumzi, akaanza kusimulia upya, polepole, kama anavyowaeleza wazee dukani kwake kidonge kipi ni cha asubuhi na kipi ni cha jioni. Gari huondoka nyumbani vizuri. Likifika mahali pa kusimama na kuondoka tena, kwenye mzunguko, kwenye foleni, na hasa kwenye kivuko cha reli kilicho kabla ya shule, ndipo linapoanza vituko. Linanguruma halisogei. Linashtuka, linakata nguvu, linaganda. Na Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, liliganda likiwa juu ya reli zenyewe. Kwenye usukani alikuwa baba yake mzazi, kwenye kiti cha nyuma binti yake wa miaka saba, na kengele ya kivuko ilikuwa imeshaanza kulia.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe hukuwepo," alisema Bwana Hakuna, bila ubaya wowote.

Hakuwepo, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Habari ya reli aliletewa na mtoto mwenyewe, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa kuwa halimpiti neno asilirudie. Kasuku aliisimulia mezani kama mchezo: honi zilivyopigwa, mlinzi wa kivuko alivyokuja mbio akagonga boneti kwa kiganja, Babu alivyotoka jasho hadi kwenye pua, kisha gari likaruka kama panzi wakatua ng'ambo. Mfamasia, aliyekuwa anapakua chakula, alibaki ameshika upawa hewani. Babu hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Alisema tu kwamba hiyo ni gia boksi, na gari lirudishwe kwa waliolitoa.

Tangu siku hiyo mfamasia hakuwa na asubuhi. Duka lake la dawa alilifungua saa moja kamili, na mumewe alifanya kazi mji mwingine, akirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo aliyempeleka Kasuku shule alikuwa Baba. Desturi yao ilikuwa kwamba Baba akishamshusha mtoto langoni, anambipu binti yake: simu inalia mara moja, inakatika, maana yake wamefika salama. Saa moja na dakika ishirini treni ilipiga honi huko bondeni, na sauti yake ilifika hadi dukani. Kati ya honi ile na ile bipu, mfamasia hakuweza kuhesabu vidonge. Alihesabu ishirini, akapata kumi na nane, akarudia, akapata ishirini na moja. Wateja walidhani ana mapenzi mapya, namna alivyokuwa akiitazama simu.

Si kwamba hakujaribu. Wiki ambayo gari lilikuwa karakana alimpeleka mtoto mwenyewe kwa miguu na kuchelewa kufungua duka. Gari liliporudi na karatasi yake ya Hakuna, Baba aliutwaa ufunguo ukutani kabla mfamasia hajauweka chini mkoba. "Gari zima, halafu mimi nikae kama mgeni?" alisema, na mjadala ukaishia hapo. Jumapili moja mfamasia alilichukua gari peke yake akakivuka kile kivuko mara kumi, huku na huku, akisimama, akiondoka, akilishawishi ligome. Halikugoma hata mara moja. Mlinzi wa kivuko alitoka kibandani kumuuliza kama amepoteza kitu.

Mikononi mwake gari lilikuwa malaika. Mikononi mwa mafundi, malaika vilevile. Mtu mwingine yeyote angeshajumlisha moja na moja, na msomaji usimcheke, kwa sababu wazo lilikuwa linambishia hodi kila siku, yeye ndiye hakutaka kulifungulia. Baba yake alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na nne bila kugonga hata mbuzi. Mtaani walimwita Mzee Gia: angekaa barazani amefumba macho, lori likipita barabara kuu akakwambia dereva yuko gia ya ngapi na alipaswa kuwa ya ngapi. Kuushuku uendeshaji wa mtu kama huyo ilikuwa kama kumshuku samaki kwamba hajui maji. Isitoshe, magari ya otomatiki kama hili aliyadharau tangu zamani. Aliyaita magari ya watu wasiotaka kuzungumza na injini. Basi ikawa rahisi kuamini kwamba gari nalo linamdharau yeye.

Bwana Hakuna alikuwa ameshafungua mdomo kumwita mteja mwingine, ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka akatoka fundi wa kompyuta, mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli, ameshika kikombe cha chai. Alikuwa amesikia yote. Hakumwambia mfamasia kwamba anamwamini, ila alisema kuna kidude kidogo anachoweza kukichomeka chini ya usukani, kinanasa kila kitu gari linachofanya na kila kinachofanyiwa, na kumtumia yeye moja kwa moja. Kikae siku mbili, Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa gari lirudi, siku moja kabla ya waranti kufa.

"Usimwambie dereva," alisema. "Aendeshe kama siku zote."

Njia nzima ya kurudi mfamasia alijiambia kwamba kidude kinapima gari, hakipimi mtu. Hata hivyo, alipofika nyumbani alishindwa kumtazama baba yake usoni.

Jumatano Mama, bibi yake Kasuku, alikwenda na Baba na mtoto shule. Mama hakuwahi kujifunza kuendesha, lakini kiti cha mbele kilikuwa chake kama kiti cha enzi, na kwenye gari hakunyamaza. Mafuta. Breki. Taratibu hapo. Haya, mafuta sasa. Watoto wake walimcheka tangu wakiwa wadogo. Walisema Mama ndiye anayeendesha, Baba ameshika usukani tu. Mama hakujali. Alikuwa na haki yake: mwaka wa kwanza wa ndoa, utingo wa Baba alipotoroka katikati ya safari, Mama aliifanya kazi ile miezi saba, akichungulia nyuma ya lori kwa kutoa kichwa dirishani, akiweka mawe chini ya magurudumu mlimani, mimba yake ya kwanza ikiwa tumboni. Mimba hiyo ndiyo mfamasia. Miezi ya karibuni kelele za Mama zilikuwa zimezidi, lakini nani huhesabu maneno ya mama yake? Jumatano bipu ilikuja kwa wakati.

Alhamisi Mama aliondoka alfajiri kwenda kumtazama mdogo wake aliyekuwa amelazwa. Nyumba ikavurugika. Shati la shule la Kasuku lilikuwa na kifungo pungufu. Jioni ya jana Babu alimtekenya pale mlangoni penye viatu, kifungo kikaruka, na sasa mama na mtoto walikuwa wamepiga magoti wanakitafuta, kifungo cha bluu, kidogo, hakionekani. Mfamasia akalibana shati kwa pini. Baba alivaa viatu vyake vya kahawia, vile vya tangu enzi za malori, akasimama kizingitini akichezea ufunguo. Akauliza kama Mama atarudi kesho. Mfamasia akajibu kwamba atarudi leo jioni, na hakujiuliza kwa nini mzee anauliza.

Treni ilipiga honi. Mfamasia akaweka simu juu ya kaunta. Dakika tano, hakuna bipu. Dakika kumi. Mbele yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anasubiri dawa ya kikohozi, na mfamasia ameishika chupa bila kuitoa. Akapiga simu, ikaita hadi ikachoka. Dakika kumi na tano. Alikwisha kutoka nyuma ya kaunta, chupa bado mkononi, akiwa hajui anakimbilia wapi, simu ilipolia mara moja ikakatika.

Alipompigia, Baba alisema gari limegoma tena, kwenye mzunguko, mara kadhaa, watu wamelisukuma. Mtoto yuko darasani. Na mfamasia, Mungu amsamehe, alifurahi. Kidude kimeona, alijiambia. Sasa Bwana Hakuna atakula karatasi zake. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipogundua kwamba chupa ya dawa bado iko mkononi mwake, na mteja bado anaisubiri.

Alikuwa mtu wa dawa, na mganga hajigangi. Kwenye ukuta wa duka lake, juu ya mzani, palikuwa na bango lenye picha ya nyayo mbili, limeandikwa: Una kisukari? Kagua miguu yako kila siku. Aliwasomea watu bango lile kutwa. Baba yake alikuwa na kisukari mwaka wa nane, na dawa zake mfamasia alimpangia mwenyewe kwenye kikasha chenye vyumba saba. Umekunywa? Nimekunywa. Siku moja tu aliwahi kumuuliza habari za miguu, na mzee akamjibu, "Ipo. Miwili." Wakacheka, wakaenda kula. Hakuuliza tena, kwa sababu alijua swali hilo linapita wapi: kaka yake Baba aliingia hospitali na kidonda cha kidole akatoka na mguu mmoja, na kwa miaka miwili, hadi walipomzika, Baba ndiye aliyekisukuma kiti chake cha magurudumu. Jina la kaka yule halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Ijumaa asubuhi fundi wa kompyuta alipiga simu. Alisema aje, na aje na dereva.

Mfamasia ndiye aliyeendesha. Walimshusha Kasuku langoni, kisha wakaelekea karakana. Baba alikaa mbele, viatu vya kahawia vimepigwa rangi viking'aa kama vya bwana harusi. Mama hakualikwa, lakini alikuwa nyuma na mkoba wake mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na neno la kusema kuhusu barabara.

Nyuma ya karakana palikuwa na uwanja wa saruji wa kujaribia magari, una mistari myeupe ya kusimamia na kimlima kidogo cha kujengwa. Fundi alimwamkia mzee kwa heshima, akamwomba azunguke uwanja, asimame kila mstari, aondoke tena, kama vile anampeleka mtoto shule. Yeye angekaa mbele na tableti yake, mfamasia nyuma. Mama akasema kiti cha mbele ni chake. Fundi akamwomba radhi, waya wa kifaa haufiki nyuma, mama apumzike tu kwenye benchi. Mama na Baba wakatazamana. Mfamasia aliuona mtazamo ule na akaufasiri vibaya. Alidhani wazee wanaogopa kompyuta.

Mstari wa kwanza walisimama vizuri, wakaondoka. Mstari wa pili gari lilisimama, na Baba alipotaka kuondoka injini ikanguruma, gari likatetemeka mahali pamoja, likashtuka, likaganda. Baba akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Injini ikazidi kupiga kelele, gari likakataa katakata. Nyuma, mfamasia nusura apige makofi.

"Umeona?" alisema. "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo niliyokuwa nasema."

Fundi alimwomba mzee azime injini, kisha akageuza tableti ili wote wawili waione. Palikuwa na mistari miwili, mwekundu na wa kijani. Mwekundu ni breki, alisema, kijani ni mafuta. Mtu akikanyaga huku na kuachia kule, mstari mmoja unapanda mwingine unashuka. Kazi yake ni kupishana. Hapa ilikuwa imepanda yote miwili kwa pamoja.

"Gari la namna hii likikanyagwa breki na mafuta pamoja, linaamini breki," alisema. "Linakata nguvu makusudi, lisije likamrukia mtu. Gia boksi yenu haina neno. Gari linajilinda."

Jana, Alhamisi, lilikuwa limejilinda mara kumi na saba. Juzi, mara moja tu. Fundi akauliza juzi kulikuwa na nini tofauti.

Mfamasia hakulisikia swali hilo kwa sababu alikuwa ameshapata jibu la swali jingine, na jibu lilikuwa tamu. Akacheka kwa ahueni, akamshika baba yake bega. Mguu wa klachi! Miaka thelathini na nne mguu wa kushoto una kazi, leo unaambiwa ulale; si utatafuta pa kukanyaga? Unatafuta klachi unaangukia breki. Ni mazoea tu, watampa wiki ya kujifunza, wataufunga hata kamba mguu huo. Aliyasema yote kwa mkupuo, na kwenye kioo kidogo cha mbele akaona macho ya baba yake yakimtazama, yanataka sana kuyakubali.

"Ndiyo," alisema Baba. "Ni mazoea."

Pangeweza kuishia hapo, na wengi wetu tungeacha paishie hapo. Lakini fundi alikuwa mtu wa mistari yake. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba hata yeye alifikiri hivyo mwanzoni, madereva wengi wa malori wana mguu huo. Ila mguu wa kushoto unafanya kazi safi: unakanyaga breki inapotakiwa na kuachia inapotakiwa. Tatizo ni mafuta. Mafuta hayaachiwi. Mguu wa kulia ukishakanyaga, unabaki palepale, kana kwamba mwenyewe hana habari.

Mtu akagonga kioo cha mbele. Ni Mama, ambaye hakukaa kwenye benchi hata dakika moja.

"Mzee, mwambie," alisema. "Mficha maradhi..." Akaishia hapo, kwa kuwa methali ile inamalizikia pabaya, na hakutaka kuimaliza.

Baba alitazama mbele. Mama akafungua mlango, akamwomba fundi ampishe kidogo, na fundi akachomoa waya wake akahamia nyuma bila kuuliza. Mama akakaa, akaweka mkoba chini, akasema twende. Na wakaenda.

Hapo ndipo mfamasia alipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miezi yote. Mama hakuitazama barabara. Alikuwa ameinama, anatazama chini, kwenye miguu ya mumewe. Mafuta, alisema, na mguu ukashuka. Imetosha. Toa. Aliposema toa, aligusa goti la Baba kwa vidole viwili, na Baba akauinua mguu mzima tangu nyongani, kama mtu anayetoa gogo kwenye tope. Breki. Toa. Mafuta, kidogo. Walizunguka uwanja wote hivyo, mstari kwa mstari, kimlima wakapanda wakashuka, na gari halikushtuka hata mara moja. Wazee wale wawili waliliendesha kwa ustadi ambao ungemfanya mtu atabasamu, kama hakuwa na mtoto anayekaa kiti cha nyuma.

Baba akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Siusikii," alisema. "Wa kulia. Tangu mvua zilizopita. Kwanza vidole, sasa hadi hapa." Akagusa juu ya kifundo.

Mfamasia alishuka. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye saruji yenye madoa ya oili, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kahawia. Baba alijaribu kuurudisha mguu ndani, ukachelewa. Kiatu kilipotoka, soksi ilikuwa imeshikamana na wayo kwa damu iliyokauka, na ilipobanduliwa kitu kidogo kikaanguka saruji kikaviringika hadi kwenye gurudumu. Kilikuwa kifungo cha bluu. Baba alikuwa amekikanyaga tangu jana asubuhi, akatembea nacho, akaendesha nacho, na hakuwa na habari. Chini ya wayo palikuwa na kidonda cha duara, saizi ya kifungo chenyewe, kingo zake nyeupe.

Mfamasia alikishika kile kisigino mkononi. Alijua majina yote ya alichokuwa anakiona, na hatua zote zinazofuata. Alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia.

"Ulimweka mwanangu juu ya reli, Baba," alisema.

"Siku ile mama yako alikuwa na homa," alisema Baba, kisha akatikisa kichwa kuyakataa maneno yake mwenyewe. "Tangu siku ile silali. Kila asubuhi nasema leo nitakwambia. Halafu namwona kaka. Nilijua ukijua utanipeleka, na wao wakiona watakata. Nikasema labda ni gia boksi. Niliisema mpaka nikaiamini."

Mama alikuwa analia bila sauti, ameshika mkoba. Alisema naye alaumiwe, kwa kuwa aliahidi kunyamaza, na alidhani kwamba akiwepo yeye hapatakuwa na baya. Mfamasia alikuwa bado amepiga magoti, na hasira ilikuwa inamtoka polepole, ikiacha nyuma kitu kibaya zaidi. Mara nne alikuja kwenye karakana hii kugombana na watu kuhusu chuma. Mara nne alisimama mbele ya meza ile, wakati bango liko dukani kwake juu ya mzani, na yeye analipangusa vumbi kila Jumatatu.

"Hata mimi, Baba," alisema. "Hata mimi nilitaka iwe gia boksi."

Fundi wa kompyuta alileta maji safi na sanduku la huduma ya kwanza, akaondoka kimya kimya. Mfamasia akakiosha kidonda, akakifunga, vidole vyake vikifanya kazi vilivyoizoea huku kichwa kikiwa mbali. Alipokuwa anamaliza, Bwana Hakuna alitokea na karatasi yake. Akasimama hatua tatu nyuma, akatazama mguu, akatazama bendeji, akauliza kwa sauti ya chini aandike nini, maana waranti inakwisha kesho na lazima faili lifungwe.

"Andika ulivyokuwa ukiandika," mfamasia alimjibu.

Bwana Hakuna aliandika. Kwa mara ya kwanza mkono wake ulisitasita kwenye maneno yale matatu. Alipoomba sahihi ya mwenye gari, Baba alinyoosha mkono akaichukua kalamu, akaweka sahihi yake kwenye nafasi ya dereva, herufi kubwa kubwa kama alivyokuwa akiweka kwenye hati za mizigo. Kisha akauchomoa ufunguo akampa binti yake, na akahamia kiti cha abiria akirukaruka kwa mguu mmoja, kiatu kimoja mkononi. Mama akaenda nyuma. Kifungo cha bluu mfamasia alikitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Hawakurudi nyumbani. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli, mbele ya shule, na walipofika kivukoni kengele ikalia, kizuizi kikashuka mbele ya boneti. Mfamasia akakanyaga breki. Treni ilikuwa ndefu, ya mizigo, na kila behewa lililopita lilitikisa vioo. Baba aliuangalia mguu wake uliofungwa bendeji kama mzigo wa mtu mwingine aliokabidhiwa kuutunza.

"Wataukata?" aliuliza.

Kwa wateja alikuwa na jibu la swali hilo, jibu zuri lililopangwa, la kutia moyo. Lilimjia hadi mdomoni akalimeza.

"Sijui, Baba. Kidonda ni cha jana na hakijaingia ndani. Wengi wanaowahi hawakatwi. Lakini sijui, na sitakudanganya, na wewe usinidanganye tena."

Baba akaitikia kwa kichwa. Behewa la mwisho likapita, kengele ikanyamaza, kizuizi kikaanza kuinuka polepole. Mfamasia aliona reli mbili zinang'aa mbele yake na mguu wake mwenyewe ukawa mzito, haukutaka kutoka kwenye breki. Nyuma yake gari moja likapiga honi. Baba alinyoosha mkono, akamgusa goti la kulia kwa vidole viwili.

"Toa," alisema Mama kutoka kiti cha nyuma, sauti imekauka kwa kilio. "Haya. Mafuta, taratibu."